Aluminiamu imetoka laini, imepasuka au imepinda: kutafuta kosa kwenye ukomazaji wa aloi

Kipande cha 6061, aloi ya aluminiamu yenye magnesi na silikoni, kimetoka kwenye tanuri la kukomazia. Karatasi ya kazi inasema T6, yaani hali ya ugumu wa kilele, lakini kipimo cha ugumu cha Brinell kinasoma 65 badala ya 95. Mafundi wengi hapo hapo hukirudisha tanurini kiongezewe muda. Subiri kwanza. Kipande chenye ugumu wa 65 huenda hakijakomaa, huenda kimekomaa kupita kiasi, na huenda kilichelewa kuingia majini. Ni makosa matatu yanayotoa namba moja. La kwanza linapona kwa kuongezwa muda. Mengine mawili yanazidi kuharibika kwa muda huo huo uliodhani ni dawa.

Ugumu unatoka wapi

Aloi za makundi ya 2000, 6000 na 7000, pamoja na za kusubu kama A356, hupata nguvu kwa hatua tatu. Kwanza hupashwa joto mpaka shaba, magnesi, silikoni au zinki iliyomo imumunyike ndani ya aluminiamu, huku aluminiamu yenyewe ikibaki yabisi. Kisha huchovywa ghafla ili elementi hizo zifungiwe humo ndani zisipate wasaa wa kutoka. Mwisho hukomazwa, iwe kwa kuachwa kwenye joto la kawaida au kwa kupashwa joto la wastani, na elementi zilizofungiwa huanza kukusanyika kuwa chembe ndogo mno.

Chembe hizo hubadilika umbo kwa mfuatano. Katika aloi za aluminiamu na shaba huanza vibapa vyembamba kama unene wa atomu moja, vinavyoitwa kanda za Guinier-Preston kwa majina ya watafiti wawili waliozigundua kila mmoja kwake mwaka 1938, Mfaransa na Mwingereza. Baada yake huja θ″, kisha θ′, na mwisho θ, ambayo ni Al₂Cu kamili. Katika kundi la 6000 chembe inayobeba kazi ni β″, sindano yenye upana wa nanomita 4 hivi. Ikiendelea kupashwa hugeuka β′, halafu β, yaani Mg₂Si. Katika kundi la 7000 ni η′, na mwisho wake ni η, MgZn₂.

Metali hupinda pale tabaka za atomu zinapotelezana. Chembe changa ni ndogo, hivyo mtelezo huzikata ukapita. Chembe zilizokomaa mno ni kubwa lakini chache, zimeachana mbali, na mtelezo huzizunguka. Kati ya hali hizo mbili kuna kilele ambapo kukata ni kugumu na kuzunguka pia ni kugumu. T6 ndicho kilele hicho. Ndiyo maana namba moja ya ugumu huonekana mara mbili: mara moja ukipanda mlima, mara nyingine ukishuka.

Jambo jingine la kushika ni nafasi tupu, yaani mahali palipokosa atomu kwenye safu zake. Kwenye joto kubwa huwa nyingi, na uchovyaji wa haraka huzinasa zikiwa bado nyingi. Atomu za shaba au magnesi husafiri kwa kurukia nafasi hizo. Uchovyaji wa polepole kwa hiyo unakuibia mara mbili: unaruhusu elementi zitoke mapema kama chembe kubwa zisizo na faida, na unapoteza nafasi tupu ambazo zingesaidia chembe nzuri kuundwa baadaye.

Vipimo viwili na vipande vitatu

Kipimo cha kuongezea kwenye ugumu ni upitishaji umeme. Kuna kifaa cha mkono kinachogusishwa kwenye uso wa metali na kusoma asilimia ya IACS, ambapo 100 ni shaba safi iliyolainishwa. Elementi zilizomumunyika hukwaza umeme. Zikishajitenga kuwa chembe kubwa, umeme hupita kwa urahisi zaidi. Namba za kawaida ni hizi:

- 6061: T4 (iliyokomaa bila kupashwa) karibu 40, T6 karibu 43, hali laini kabisa ya O karibu 47.
- 2024: T4 karibu 30, T6 karibu 38, O karibu 50.
- 7075: T6 karibu 33, T73 (iliyokomazwa kupita kilele kwa makusudi) ni 38 au zaidi.

Safisha uso, rekebisha kifaa kwa vipande viwili vya kulinganishia, na uache kazi ipoe hadi joto la chumba, kwa sababu metali yenye moto husoma chini ya hali yake halisi. Bati jembamba hudanganya. Bati lililofunikwa kwa tabaka la aluminiamu safi hudanganya zaidi, kwa kuwa kifaa kinasoma tabaka hilo pamoja na aloi iliyo chini yake.

Sasa soma namba mbili kwa pamoja. Laini na umeme mdogo: haijakomaa. Laini na umeme mwingi: imepita kilele, au uchovyaji ulikuwa wa polepole, au elementi hazikumumunyika toka mwanzo. Umeme usiolingana na hali yoyote ya aloi hiyo: shuku kwamba hiyo si aloi unayoidhani, na upeleke kipande kikapimwe mchanganyiko wake.

Kama huna kifaa cha umeme, msumeno na tanuri dogo vinatosha. Kata vipande vitatu vya milimita 25 kwa 25 kutoka kwenye kazi iliyokataliwa, ukimwagia maji ya kupoza ili msumeno usiipashe. Kipande A kiache kilivyo. Kipande B kikomaze tena moja kwa moja, mzunguko mzima; kwa 6061 ni 177°C kwa saa 8. Kipande C kianze upya: 530°C kwa saa moja kama unene hauzidi milimita 12, kisha kitumbukize mara moja kwenye ndoo ya maji baridi huku ukikikoroga, halafu kikomaze kama B.

B kikipanda na kukaribia C, kosa lilikuwa la muda au joto la ukomazaji tu, na shehena yote inaokoka kwa kuongezwa muda. B kikibaki palepale au kikishuka huku C kikifika 95, hakuna njia ya mkato: kazi inarudi hatua ya kwanza. C nacho kikishindwa, tatizo liko kwenye mchanganyiko wa aloi. Jaribio hili huchukua siku moja na nusu, na ni nafuu kuliko kuharibu shehena nzima mara ya pili.

Laini, umeme mdogo

Hapa kazi haijafika kilele. Chanzo cha kawaida ni kupima joto la hewa badala ya joto la metali. Themokapo (kipima joto cha nyaya) ya tanuri imefungwa karibu na feni, skrini inaonyesha 177°C, lakini katikati ya furushi la profaili (vipande virefu vilivyosukumwa kupitia kalibu, yaani tundu lenye umbo) zilizobanana kuna 160°C. Angalia jinsi tofauti hiyo ilivyo kubwa: 6061 hufikia T6 kwa saa 8 ikiwa 177°C, na kwa saa 18 ikiwa 160°C. Kupungua kwa nyuzi 17 kumezidisha muda zaidi ya mara mbili. Profaili ya katikati iliyokaa saa 8 kwenye 160°C haijamaliza hata nusu ya safari.

Funga themokapo moja kwenye metali yenyewe, ndani ya sehemu iliyosongamana zaidi, nyingine kwenye pembe iliyo mbali na feni, na ya tatu karibu na mlango. Muda uanze kuhesabiwa pale iliyo baridi kuliko zote inapoingia ndani ya nyuzi 6 za joto linalotakiwa. Weka vijiti vya kutenganisha kati ya tabaka na tabaka, na upange profaili sambamba na mkondo wa hewa. Furushi likizuia hewa kama ukuta, feni kubwa haitakusaidia.

Kwa 2024 ya T4, ambayo hukomaa bila kupashwa, mara nyingi hakuna kosa lolote. Imepimwa mapema tu. Inahitaji saa 96 kwenye joto la chumba kabla hujaamua chochote, na kwenye ghala lenye baridi kali huchukua muda mrefu zaidi.

Laini, umeme mwingi

Anza na rekodi ya joto la ukomazaji. Kidhibiti kilichoruka hadi 200°C kwa saa kadhaa kinatosha kuishusha 6061 kutoka kileleni. Uliza pia kilichofanyika baada ya ukomazaji. Rangi ya unga huokwa kwenye 180 hadi 200°C kwa dakika 10 hadi 20. Kwa 6063 iliyokomazwa kwenye 175°C au zaidi, muda huo mfupi hauleti hasara kubwa. Kwa 7075-T6, ambayo ilikomazwa kwenye 120°C kwa saa 24, kuoka huko ni kuivusha kilele waziwazi.

Rekodi zikiwa safi, hamia kwenye uchovyaji. Kwa maoni yetu hapa ndipo kazi nyingi zaidi zinapoharibika, na ndipo panapoangaliwa mwisho, kwa sababu kosa la sekunde kumi halionekani mpaka baada ya saa nyingi za ukomazaji.

Eneo la hatari liko kati ya 400°C na 290°C. Juu yake elementi bado zinapenda kubaki zimemumunyika. Chini yake zinataka kutoka lakini mwendo wao umekuwa mzito. Katikati zina hamu na zina mwendo, kwa hiyo hutoka haraka, hasa kwenye mipaka ya punje, yaani fuwele ndogo zinazounda metali, na juu ya chembe za kromiamu au manganisi zilizomo tayari. Ndiyo maana 6061 na 7075, zenye kromiamu, haziwezi kuvumilia uchovyaji mzembe, wakati 6063 inapozwa kwa feni tu ikitoka kwenye kalibu na bado inafika T5, yaani hali ya kukomazwa bila kumumunyishwa kwanza tanurini. 7050 ilipewa zirkoniamu badala ya kromiamu kwa lengo hilo hilo, ili mabamba manene yapate nguvu mpaka katikati.

Pima ucheleweshaji kwa saa ya kusimamisha, tangu mlango unapoanza kufunguka hadi kona ya mwisho ya kazi izame. Bati lenye unene chini ya milimita 0.4 lina sekunde 5 tu. Kati ya milimita 0.8 na 2.3 una sekunde 10. Kazi nene zaidi ina sekunde 15. Kama kreni inahitaji sekunde 20 kufika kwenye tangi, hakuna mpangilio wa tanuri utakaokuokoa, sogeza tangi.

Baada ya hapo angalia maji. Yaanze yakiwa chini ya 38°C kwa aloi zilizofuliwa, kusukumwa au kubanwa kwa rola. Wingi wake upigie hesabu. Kilo 100 za aluminiamu zikishuka kutoka 530°C hadi 40°C hutoa kilojuli 49,000 hivi. Ili joto hilo lisipandishe maji zaidi ya nyuzi 10, unahitaji karibu lita 1,200. Pipa la lita 200 kwa mzigo huo litapanda karibu nyuzi 58 na kukaribia kuchemka, na maji ya moto hivyo hufunika metali kwa blanketi la mvuke linalozuia joto kutoka. Sikiliza: uchovyaji mzuri hutoa kishindo kifupi cha mchemko kisha ukimya. Mlio wa kuchemka unaodumu kwenye upande mmoja maana yake mvuke umenaswa hapo. Pampu au propela ya kusukuma maji hubomoa blanketi hilo, na kuinua na kushusha kikapu husaidia pia.

Kama umeme ulikuwa mwingi hata kabla ya ukomazaji, huenda elementi hazikumumunyika. Joto lilikuwa dogo au muda mfupi. Bamba la milimita 25 ndani ya tanuri la hewa linahitaji kama dakika 90 likiwa kwenye joto kamili, na dakika 30 zaidi kwa kila milimita 12.7 zinazoongezeka. Vifaa vilivyosubiwa kwa A356 ni hadithi nyingine: chembe zake za mwanzo ni kubwa, na 540°C hudumishwa kwa saa 6 hadi 12, kisha ukomazaji wa 155°C kwa saa 3 hadi 5.

A356 ina ugonjwa wake mwingine pia. Magnesi huungua kila metali inapoyeyushwa upya na kushikiliwa kwenye chungu cha kuyeyushia kwa muda mrefu. Kiwango chake ni asilimia 0.25 hadi 0.45. Kikishuka chini ya hapo Mg₂Si haitoshi, na hakuna mzunguko wa tanuri utakaoirudisha. Pima magnesi kabla ya kumimina, usisubiri baada.

Madoa laini kwenye kazi moja

Ugumu ukiwa sawa sehemu kubwa lakini ukaanguka mahali fulani, mahali hapo pana ujumbe. Ukianguka kwenye sehemu nene tu, ni kasi ya uchovyaji. Ukianguka pale bati mbili zilipogusana kwenye kikapu, maji hayakupita kati yake. Kwenye profaili za 6063, madoa yanayojirudia kwa umbali sawa hutokea pale profaili ilipokalia rola au vibao vya meza ya kutokea: upande wa juu ulipata feni, mguu wa chini ukakaa kwenye moto. Pandisha feni za chini na uendeshe meza ili profaili isitulie. Hakikisha pia kwamba profaili inatoka kwenye kalibu ikiwa na joto lisilopungua takriban 510°C. Chini ya hapo Mg₂Si haijamumunyika vizuri, na feni inapoza kitu ambacho tayari kimejitenga.

Chora ramani ya ugumu kwa penseli ya nta juu ya kazi yenyewe, kipimo kila milimita 50. Ramani hiyo, ikilazwa kando ya kikapu, mara nyingi huonyesha chanzo bila maneno.

Ilisubiri sana kabla ya kukomazwa

Hili huwashangaza hata wenye uzoefu. 6061 au 6082 imemumunyishwa vizuri, imechovywa vizuri, kisha ikakaa sakafuni usiku kucha kabla ya kuingia 177°C. Inatoka ikiwa pungufu kidogo, na vipimo vyote vya tanuri viko sawa.

Sababu ni kwamba magnesi na silikoni hazikulala usiku ule. Kwenye joto la chumba zilikusanyika kuwa vikundi vidogo ambavyo pia vinashikilia nafasi tupu. Tanuri linapowaka, vikundi hivyo havigeuki β″ kwa urahisi wala haviyeyuki upesi, kwa hiyo β″ zinazoundwa ni chache na kubwa zaidi. Athari hii iko wazi kwenye aloi zenye Mg₂Si zaidi ya asilimia 1 hivi. Kwenye 6060 na 6063, zilizo na kidogo, kusubiri hakudhuru, na huweza hata kusaidia.

Dawa ni kuingiza 6061 na 6082 tanurini ndani ya saa moja baada ya uchovyaji. Ikishindikana, zipashe kwanza kwenye 80 hadi 100°C mara tu zinapotoka majini; vikundi vinavyoundwa kwenye joto hilo ni vya aina inayokua vizuri baadaye. Shehena iliyokwisha kusubiri inaweza kukubaliwa kama bado iko juu ya kiwango cha chini. Kama haiko, inarudi mwanzo.

2024 ina haraka ya aina nyingine. Ribiti na bati zinazotakiwa kukunjwa zikiwa bado laini zina takriban nusu saa tu baada ya kuchovywa. Zikipita hapo zinaanza kugoma na kupasuka. Friji ya −18°C au baridi zaidi husimamisha saa hiyo, mradi zifike humo upesi.

Malengelenge, na nyufa zinazotoka tanurini

Uso wenye malengelenge madogo una sababu kuu tatu, na zinatofautishwa kwa kupasua lengelenge na kutazama. Kwenye vifaa vilivyosubiwa kwa shinikizo, ndani yake ni tundu laini lenye kuta zinazong'aa: hewa iliyonaswa wakati wa kumimina imepanuka. Kazi ya aina hiyo haifai kumumunyishwa kabisa. Ikomaze moja kwa moja baada ya kusubiwa, yaani T5. Kwenye bati na profaili, malengelenge mengi yaliyotapakaa sawasawa hutoka kwa haidrojeni. Unyevu ndani ya tanuri hukutana na aluminiamu yenye moto, oksijeni hushikwa na uso, haidrojeni huzama ndani. Mabaki ya salfa kutoka kwenye vilainishi huharakisha jambo hilo. Osha kazi, ikaushe kabisa, na ukaushe tanuri tupu kabla ya kupakia.

Sababu ya tatu ndiyo mbaya: joto limepita kiwango na mipaka ya punje imeanza kuyeyuka. 2024 humumunyishwa kwenye 493°C hivi, na dalili za kuyeyuka huanza karibu na 502°C. Pengo ni nyuzi 9. Tanuri lenye tofauti ya nyuzi 15 kati ya pembe na pembe haliwezi kufanya 2024, hata kama linafanya 6061 kila siku bila shida.

Kuthibitisha, kata, ng'arisha kama kioo, na uchunguze kwa hadubini ya mara 500. Punje zenye afya hukutana kwa mstari mwembamba. Zilizoyeyuka zina pembetatu nyeusi pale punje tatu zinapokutana, mipaka iliyonenepa, na matone ya mviringo katikati ya punje. Usihukumu kwa ugumu, kwani kipande kama hicho mara nyingi hupima ugumu wa kawaida kabisa. Hakitibiki. Kiende kwenye chakavu, pamoja na vyote vilivyokuwa pembe ile ya tanuri.

Onyo moja kwa wanaotumia bafu la chumvi ya nitrati: tone la maji likiingia kwenye chumvi iliyoyeyuka hurusha chumvi hiyo kama mlipuko, na nitrati iliyopashwa kupita kiasi ikiwa na aluminiamu au magnesi ndani yake inaweza kulipuka kweli. Kifaa cha pili cha usalama cha kukata joto kwenye bafu hilo ni lazima.

Ngumu ya kutosha, lakini inapasuka au inalika

7075-T6 yenye Brinell 150 inaweza kupasuka miezi kadhaa baada ya kufungwa mahali penye unyevunyevu, bila mzigo mpya. Mipaka ya punje ina mstari wa chembe za η, na kando yake ukanda mwembamba usio na chembe, kwa sababu elementi na nafasi tupu za ukanda huo zimevutwa na mpaka. Ukanda huo ni laini, na tabia yake mbele ya maji yenye chumvi ni tofauti na ya punje. Ufa hufuata njia hiyo, hasa mkazo ukivuta kukatiza unene wa bamba.

Kwanza pima umeme. Ukisoma chini ya 33 kwenye 7075 iliyo laini kidogo, haijakomaa, na hali hiyo hupasuka kwa urahisi. Ukisoma karibu 33 na ugumu umetimia, ni T6 halali iliyowekwa mahali pasipofaa. Badili iwe T73: 107°C kwa saa 6 hadi 8, kisha 163°C kwa saa 24 hadi 30. Utapoteza asilimia 10 hadi 15 ya nguvu, na hiyo ndiyo bei ya usalama wa mahali hapo. T73 hukubaliwa kwa ugumu na umeme kwa pamoja. Ugumu peke yake hautofautishi T73 nzuri na T6 iliyochovywa vibaya.

Kwa 2024-T3 (kama T4, ila imefinyangwa ikiwa baridi kabla ya kukomaa) au T4, kulika kwenye mipaka ya punje mara nyingi huanzia kwenye uchovyaji wa polepole, au kwenye kupashwa baadaye. Kuoka rangi au gundi kwenye 150 hadi 180°C kwa muda mfupi huanza kutoa shaba kwenye mipaka bila kufikia ukomazaji kamili. Ikibidi kuoka, tumia rangi inayokauka kwenye joto dogo, au peleka kazi mpaka T8, yaani ukomazaji wa kupashwa baada ya kufinyangwa, kwa mzunguko kamili wa 190°C kwa saa 12.

Inapinda baada ya kuchongwa

Bamba lilikuwa tambarare. Umetoa nusu ya unene kwa mashine, limejikunja kama kigae. Uchovyaji ulikaza uso kabla ya kiini, na mikazo hiyo ilikuwa inasawazishana hadi ulipoondoa upande mmoja. Kuipunguza kwa joto haiwezekani bila kuvuka kilele, kwa hiyo hupunguzwa kwa kuvuta bamba asilimia 1.5 hadi 3 mara baada ya uchovyaji, kabla ya ukomazaji. Alama T651 na T7351 zinasema hilo limefanyika. Nunua hali hiyo kwa kazi ya kuchonga kwa kina. Kwa umbo lisiloweza kuvutwa, chonga kwa awamu pande zote mbili kwa zamu, ukiacha milimita chache za mwisho. Vifaa vilivyosubiwa kwa A356 kwa kawaida huchovywa kwenye maji ya 65°C au zaidi kwa ajili hiyo, vikikubali kupoteza nguvu kidogo.

Laini kando ya mshono wa kuchomelea

6061-T6 iliyochomelewa huanguka kutoka megapaskali 310 hivi hadi karibu 165 kando ya mshono. Wasanifu huhesabu ukanda wa milimita 25 kila upande kuwa umedhoofika. Ukipima hatua kwa hatua utaona mahali laini zaidi hapapo kwenye ukingo wa mshono. Ukingo ulipashwa hadi ukamumunyika upya, na unajikomaza wenyewe siku zinazofuata. Palipo laini zaidi ni mbele kidogo, palipofika 300 hadi 400°C, pakakomaa kupita kiasi.

Kukomaza upya kwa 177°C kunainua ukingo, hakugusi ukanda ule uliopita kilele. Kama una uhuru wa kuchagua, chomelea ikiwa T4, kisha komaza yote kwa pamoja. Usiruhusu metali kuzidi 120°C kati ya mshono na mshono. Kama muundo unadai nguvu kamili, kazi nzima imumunyishwe na ichovywe upya, na kwa maungo manene utumie waya wa 4643 wenye magnesi, kwa kuwa 4043 haina ya kutosha ya kukomaa yenyewe. Waya wa 5356 usiutumie kwa kazi itakayokaa kwenye joto zaidi ya 65°C.

Kurudia mara ngapi

Bati la 2024 lililofunikwa lina ukomo. Kila mara linapofika 493°C, shaba kutoka kwenye kiini hupenya tabaka safi la nje, na ikifika usoni kinga dhidi ya kulika imekwisha. Bati jembamba lina nafasi moja tu ya kurudiwa, wakati mwingine haina kabisa. Kata kipande, kichovye kwenye tindikali ya kuonyesha punje, na uone kama tabaka la nje bado ni jeupe. Likionekana lina madoa ya kahawia mpaka ukingoni, bati hilo lisirudi tena tanurini.